Mtu wa Nyuma ya Bati

Mnanicheka, nawaona. Masikio yangu nyundo zimeshayamaliza, lakini macho bado ninayo, na nikiinama kwenye mlango wa gari hapa gereji kwenu Rusimbi nawaona mnavyokonyezana, na midomo yenu naisoma. "Mzee Shabani anabisha hodi kwa bati!" Juzi mmoja wenu, huyo mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma, akaitikia kabisa, midomo ameichongoa: "Karibuuu!" Nikacheka na mimi, kwa sababu alipatia. Ni kweli nabisha hodi. Kabla sijapiga bati lolote nagonga kidogo kwa nyundo upande wa nje, kisha nagonga kidogo kwa chuma upande wa ndani, ndipo napiga. Miaka yote hiyo nimefanya hivyo na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwa nini. Basi leo nitawaambia bila kuulizwa. Kaeni hapo kwenye matairi, na huyo anayechezea simu aitie mfukoni.

Kazi ya kunyoosha bodi nilifundishwa na Mzee Athumani, mhunzi wa Ujiji aliyeanza na majembe akaishia na malori. Wakati ule hapakuwa na puti. Ninyi shimo mnalikandika puti kama watu wanaokandika nyumba, mnapiga msasa, mnapaka rangi, mwenye gari anafurahi mpaka mvua ya kwanza. Sisi bati tulilirudisha lilikotoka, kwa nyundo. Na hiyo ilikuwa kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa nje na nyundo, mwenzake anaingia ndani na kipande cha chuma kizito, anakishikilia nyuma ya pale panapopigwa ili bati libanwe katikati. Vyuma vyetu vya nyuma vilikuwa vipande vya reli iliyochakaa. Mzee Athumani alivikata, akavisugua mpaka vikalainika, kila mtu akapewa cha kwake.

Sasa fikirini wenyewe. Wa nje hamwoni wa ndani. Bati liko katikati yao. Mzee Athumani alikuwa amepoteza kidole na nusu namna hiyo, na kila mwanafunzi mpya alionyeshwa ule mkono kabla hajaonyeshwa nyundo. "Mwenzangu alidhani nimeshatoa mkono," alisema. "Usipige bati kabla hujajua nani yuko nyuma yake." Ndiyo ikawa sheria ya gereji yetu. Wa nje anagonga kidogo: uko? Wa ndani anajibu kwa chuma chake: niko. Hakuna jibu, hakuna kupiga, hata kama mwenye lori amesimama anafoka kama mbogo.

Mtu wangu wa nyuma ya bati aliitwa Zakaria. Alikuwa Muha, alipanga chumba Mwandiga na kila siku alishuka kwa baiskeli mpaka kwenye kibanda chetu cha Kasingirima, pale Ujiji. Mrefu, mwembamba, mkono wake mkuu ni wa kushoto, na maneno yake ya kuhesabika. Ukimuuliza jambo anakujibu "ego", yaani ndiyo, au "oya", yaani hapana, na mazungumzo yameisha. Mimi nimezaliwa Ujiji, wazee wangu walivuka ziwa kutoka Kongo, na nyumbani kwetu mtu akikaa kimya anaulizwa anaumwa nini. Nilimwambia, "Wewe Muha, utakufa na maneno yote tumboni." Akanijibu, "Na wewe Mmanyema utakufa huna hata moja lililobaki." Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyopata kwake mwaka ule wa kwanza.

Ijumaa mchana mimi nilikwenda msikitini, Jumapili yeye kanisani, na hakuna aliyepiga bati mwenzake akiwa hayupo. Wateja walilalamika kwamba gereji yetu ina sikukuu nyingi kuliko serikali. Tuliwaacha walalamike.

Mke wangu Zuhura alifariki na ujauzito wetu wa kwanza. Sitasema sana juu ya hilo. Watu walijaa, wakakaa matanga, wakaondoka, nikabaki katika nyumba ambayo hata sufuria ilikuwa haitoi sauti. Siku niliyorudi kazini nilimkuta Zakaria ameshaingia ndani ya lori tulilokuwa tunalinyoosha. Hakutoka kunipa mkono, maana pole yake alishanipa msibani. Nilisimama pale na nyundo, sijui nianzie wapi, machozi yananitoka kama mtoto. Mara nikasikia kwenye bati, kabla hata sijauliza: ko. Niko. Nikafuta uso, nikaanza kazi.

Kwa hiyo mkisikia nasema nilikuwa na rafiki, mjue nasema nini. Mtu mwingine sikuwa naye.

Haya, gari sasa. Najua hilo ndilo mnalolitaka.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, wakati watu wote wakiitana ndugu na sukari ikiwa ya kupanga foleni, kulikuwa na mnunuzi mmoja wa kahawa, Mgiriki wa Bujumbura, aliyeitwa Bwana Niko. Alikuwa na gari la mbio, la watu wawili tu, rangi ya maziwa, halina paa ila kitambaa cha kukunja. Lilikuwa fupi kwa kimo hata ukisimama kando yake unajiona wewe ndiye lori. Sijui ni shetani gani alimwambia alipitishe gari lile barabara ya Manyovu, barabara ambayo hata matrekta yaliiendea kwa dua. Alifika salama mpaka karibu na Mwandiga. Hapo akamkwepa mbuzi, gari likapinduka ubavu, likateleza ndani ya shamba la mihogo. Mbuzi hakupata hata mkwaruzo. Wanaume wa Mwandiga walilibeba gari lile mikononi mpaka barabarani, na wake zao wakacheka kwa wiki nzima kwamba waume wao wamebeba gari badala ya gari kuwabeba wao.

Bwana Niko alikuja kwetu mkono umefungwa shingoni. Alikizungusha kiganja chake kizima juu ya boneti iliyobonyea, taratibu, kama mtu anayempapasa mgonjwa. Alikuwa analia, wala hakuficha.

"Fundi," aliniambia kwa Kiswahili chake cha Bujumbura, "livueni nguo zote. Mzinyooshe moja moja. Halafu mlivishe tena, likae vilevile. Hili baba yangu ndiye alininunulia."

"Tutalivisha, Bwana," nikamjibu. Akapanda meli akaenda zake, akisema atarudi kiangazi kikiisha.

Sikilizeni sasa, hapa kuna kazi. Gari kama lile hulivui kwa pupa. Kwanza, kabla ya kushika spana, funga na kufungua kila mlango, pitisha kidole katika kila mwanya kati ya bati na bati. Mwanya ndio uso wa gari. Ukirudi mpana huku na mwembamba kule, hata mpita njia ataona kuna jambo, ingawa hawezi kusema ni jambo gani. Pili, gari lisilo na paa linashikwa na milango yake. Ukiing'oa milango yote bila kuweka kitu, mwili unajikunja katikati, na hapo hakuna mlango utakaofunga tena. Sisi tulikata gogo la mninga, tukalikaza katika kila nafasi ya mlango kabla ya kulegeza bawaba. Tatu, kila bolti ukiitoa irudishe palepale kwenye tundu lake, uizungushe kidogo ishike. Usiziweke bolti zote kwenye bakuli moja kama unataka kupika.

Na mawese yaacheni mezani. Nasema kwa sababu watu wa Kigoma tunayo haya mafuta mengi na tunadhani yanafaa kwa kila kitu. Bolti ikiwa na kutu, ipe mafuta ya taa na uvumilivu. Wakati nikijifunza nilimwona jamaa aliyezipaka mawese bolti zote za lori, akazilaza zilegee. Asubuhi alizikuta zimezungukwa na sisimizi kama harusi, na panya wametafuna nyaya.

Tukalivua. Bampa, taa, boneti, milango, madigadi zile zinazofunika matairi. Mimi nilikuwa nje, Zakaria ndani, kama kawaida yetu. Na hapo ndipo tulipofanya jambo ambalo wafanyakazi waliozoeana sana pekee ndio hulifanya. Bati za gari lile zilikazwa kwa ndani, na kati ya bati na mwili, kwenye kila bolti, palikuwa na vibati vidogo vyembamba kama ukucha. Hapa kimoja, pale viwili, pengine hakuna. Hivyo ndivyo vilivyoipa ile mianya usawa wake. Zakaria alivitoa vyote, akavitia katika kopo la maziwa.

"Utakumbuka kipi kinakaa wapi?" nikamuuliza.

"Ego. Vidole vinajua."

"Vyangu havijui."

"Utaniuliza," alisema. "Niko hapahapa, niende wapi?"

Nikaona sawa. Mimi nilijua nje, yeye alijua ndani, tukawa tumeligawana gari kama watu wanaogawana muhogo.

Rangi tuliitoa kwa soda ya sabuni. Msicheke. Jirani yetu, Mama Hadija, alikuwa akipika sabuni za mawese, na ile soda kali aliyoitumia inavua rangi ya zamani kuliko dawa zenu zote za dukani. Kwa malori tuliizoea. Unapaka kwa ufagio, unasimama mbali, rangi inajikunja yenyewe, unaosha kwa maji mengi. Milango na madigadi zikatoka safi kwa nje, za chuma kitupu. Ikabaki boneti. Zakaria akaipaka, tukakaa chini kunywa uji. Mara tukasikia kitu kinachemka. Tukageuka: boneti inatoka povu na moshi, inachemka kama maharage! Kumbe haikuwa chuma, ilikuwa bati jepesi, ndugu wa masufuria, na soda hula bati hilo kama siafu wanavyokula panzi. Tulikimbia na ndoo za maji huku Mama Hadija akipiga kelele kwamba tunaunguza mtaa. Tulipomaliza kuosha, boneti ilikuwa na tundu la kupitisha ngumi.

Zakaria aliingiza mkono katika lile tundu, akautoa, akanitazama. "Mmanyema," akasema, "sabuni ya leo ni kali."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tulinunua kwa wapishi wa maulidi sufuria kubwa la pilau lililotoboka kitako, tukalikata ubavu, tukaiziba boneti. Siku zote baadaye Zakaria alikuwa akiinusa boneti ile na kusema anasikia bizari. Tangu hapo, vijana, kabla ya dawa yoyote tulipitisha kwanza sumaku ya redio mbovu juu ya bati. Ikinata ni chuma. Isiponata, weka soda mbali.

Basi gari lilikuwa hivyo, limevuliwa, bati zake zimeegemezwa ukutani kama watu wanaosubiri kuitwa, tena nyingine bado hazijanyooshwa, Zakaria alipokuja asubuhi moja bila baiskeli yake.

Nikajua kuna jambo. Akanisogezea kiti, jambo ambalo hakuwahi kufanya.

"Mama amehamishwa," alisema. "Kule mlimani wote wamehamishwa. Wamepelekwa kijiji kipya, mbele ya Kasulu. Wameonyeshwa kiwanja, wameambiwa wajenge kabla ya mvua."

"Pole. Si ndugu zako wapo?"

"Oya. Niko mimi."

Nilielewa, lakini sikutaka kuelewa. Nikamwambia twende tukaongee na viongozi, nikamwambia mama yake aletwe mjini, nyumba yangu ina vyumba vitupu. Alitikisa kichwa. Mama yake alikuwa amekwenda na majirani zake, na mbuzi wake, na hakuwa mtu wa kula samaki wa mjini. Mwisho nikamwambia neno lenyewe, wazi. "Zakaria, baki. Mimi sina mtu mwingine."

Nyuma ya banda Mama Hadija alikuwa akikoroga sabuni yake, na nilisikia kila mkorogo.

"Nalijua hilo," akasema. "Lakini mama hawezi kusimamisha nguzo peke yake."

Alikuwa na haki. Lori la kumchukua lilikuja, akapanda na jembe lake, sanduku lake, na chuma chake cha reli amekifunga kwenye kitambaa. Kopo la vibati lilibaki rafuni, na hakuna kati yetu aliyelikumbuka.

Niliumia, vijana. Sijui niseme vipi zaidi. Mtu anaweza kufiwa akapewa pole, lakini mwenzako wa kazi akihama unaambiwa tu utafute mwingine.

Nikatafuta mwingine. Wa kwanza alikuwa mvuvi wa Kibirizi aliyechoka na ziwa. Nikigonga, anajibu haraka mno. Nikachungulia siku moja, namkuta amekaa pembeni anakula muhogo wa kuchoma, anagonga "niko" kwa kisigino! Nikamrudisha kwenye dagaa wake. Wa pili alijibu vizuri lakini alikaza chuma hata bati likavimba nje kama kijipu. Wa tatu alitaka tuongee. Mimi! Mimi niliyekuwa nikimsema Zakaria kwa ukimya, sasa nikamwambia mtu anyamaze, akaniona mwendawazimu akaondoka.

Nikanyoosha peke yangu. Nilijaza mchanga katika mfuko wa turubai nikaufunga nyuma ya bati. Pasipofika mfuko niliweka goti. Ilikwenda polepole, lakini ilikwenda. Shida ilikuja wakati wa kulivisha. Nilipofunga madigadi ya kushoto, mlango ukagoma. Nilipolegeza, mlango ukaingia, boneti ikapanda. Nikaongeza vibati, nikapunguza, nikalimwaga lile kopo chini na kuvitazama vile vibati, vyote vimefanana. Kiangazi kilikuwa kinaelekea ukingoni. Wapita njia walianza kuuliza kama Mgiriki ameacha gari au mifupa, na kila walipouliza nilimwona yule mtu analia juu ya boneti. Nilikuwa nimempa neno langu.

Basi nikafanya jambo ambalo Ujiji walilisimulia muda mrefu. Kwenda kumuuliza Zakaria kwa mdomo haikufaa, kwa sababu kichwa chake hakikujua. Vidole ndivyo vilivyojua. Nikaifungua madigadi ya kushoto, nikaifunga juu ya lori la mahindi, nikatia kopo mfukoni, nikaenda nayo mbele ya Kasulu.

Nilifika kijijini vumbi tupu. Nyumba mpya zimepangwa mstari, udongo wa kuta haujakauka vizuri. Watu waliona kitu cha bati kinashushwa wakaja mbio.

"Bati la shule limefika!" akasema mama mmoja.

"Mbona limepinda?" akauliza mwenzake.

Mwenyekiti wa kijiji akaja, mtu wa heshima, kavaa kofia. "Ndugu, karibu. Bati hili litakaa upande gani wa paa?"

"Ndugu Mwenyekiti, hili si la paa. Hili ni la gari la Mgiriki."

"Gari liko wapi?"

"Limebaki Ujiji."

Alinitazama kwa huruma. Sikumlaumu.

Katikati ya uwanja kulikuwa na jengo la shule, nusu limeezekwa, na juu ya mbao mtu mrefu amekaa, ametupa mgongo, anapigilia misumari kwa mkono wa kushoto. Nikaisimamisha madigadi chini, nikatoa nyundo yangu, nikagonga kidogo, mara moja.

Yule mtu aliacha kupigilia. Hakugeuka. Aliinua nyundo yake akagonga bati la paa, mara moja. Niko.

Zakaria akashuka ngazi, akasimama mbele yangu, akaitazama madigadi. "Mwakeye, Shabani," akanisalimu kwa Kiha, kama aliyeniona jana. Kisha akaning'ang'ania mabegani.

Nilikaa kwake siku chache. Mama yake, bikizee mfupi mwenye macho yaliyofifia, alinipikia maharage na ugali wa muhogo, akataka kujua kwa nini mtu mzima anasafiri na bati. Zakaria aliilaza madigadi magotini, akafumba macho, akapitisha vidole kwenye ukingo wake wa ndani. Nikampa kopo. Akaanza kuvipanga: hapa kimoja, hapa viwili, hapa hakuna.

"Nifundishe," nikamwambia.

Akaushika mkono wangu wa kushoto, akaupitisha pale alipopita yeye. "Tazama. Pale palipobanana panang'aa. Palipo na kibati, vumbi la barabara liliingia kidogo, pamekuwa kijivu. Penye viwili ni peusi. Bati lenyewe linasema. Ndiyo maana sikukubali soda iguse kwa ndani."

"Mbona hukuniambia zamani?"

"Zamani nilikuwapo."

Siku ya kuondoka, tukisubiri lori, nilimuuliza atarudi lini. Nilijua jibu, lakini sharti niulize. Alitazama nyumba yake, mama yake amekaa mlangoni akiota jua.

"Sitarudi, Shabani. Huyu hatoki tena mwenyewe. Na hapa wananihitaji kwa mapaa." Akaingia ndani, akatoka na kile kitambaa, akanipa. Kilikuwa chuma chake cha reli. "Huku sina wa nje," alisema. "Chukua."

Mshiko wake alikuwa ameufunga kwa mpira wa tairi la baiskeli, na kwa miaka yote ile mpira ulikuwa umebonyea kwa vidole vyake. Lori lilipoondoka nilikaa juu ya magunia, nikakijaribu. Katika mkono wa kulia hakikukaa, kwa sababu yeye alikuwa mtu wa shoto. Nikakihamishia kushoto. Kila kidole changu kiliingia katika shimo lake. Nililia kutoka pale hadi Kasulu, na utingo akadhani nimefiwa.

Gari nililifunga. Mianya ilikaa vilevile. Bwana Niko alipolichukua alilizunguka mara kadhaa, akanibusu mashavuni kwa desturi yao, ndevu zikanichoma. Likapakiwa melini pale bandarini, rangi ya maziwa inang'aa, boneti yenye sufuria ndani yake imekaa sawa kabisa. Nikageuka kusema, "Umeliona?" Nimeshafungua na mdomo. Nyuma yangu hapakuwa na mtu, ila mchukuzi mmoja anayekunja kamba.

Zakaria alikufa miaka mingi baadaye, baada ya mama yake. Nilikwenda kuhani. Mvua ilinyesha kubwa tukiwa msibani, wakatuingiza katika ile shule, na paa halikuvuja hata tone.

Basi ndiyo hiyo hodi yenu mnayoicheka. Mkono wa kulia unauliza, mkono wa kushoto unajibu na chuma cha Zakaria. Najijibu mwenyewe, najua, sijachanganyikiwa. Ila bila jibu hilo nyundo yangu haishuki, na tangu wakati ule hakuna aliyewahi kuingia ndani kunijibu.

Haya, inukeni, kuna mlango wa Noa hapo umebonyea na mwenyewe anakuja jioni. Puti iacheni. Wewe mwenye kofia, uliyesema karibu, njoo. Ng'oa pambo la ndani, ingiza mkono. Shika chuma hiki, kwa kushoto, hivyo, vidole katika mashimo yake. Vyako ni vinene, lakini vitazoea. Nikigonga usinijibu kwa mdomo, sitasikia. Gonga na wewe, mara moja. Kiganja changu kipo hapa kwenye bati.